Sifa za Mpangaji Asiyehama

Ukanda huu wa dhahabu, Geita hadi Shinyanga, hautulizi mtu. Rashi, yaani mbio za kufuata dhahabu mpya, ikitokea Nyarugusu, Mgusu panahamwa. Mwenye duara, shimo la kuchimbia, anahama, mama lishe anahama na masufuria yake, mchumba anahama na simu uliyomnunulia. Tegu wa ng'ombe hahami. Aliingia kwangu kwa mshikaki wa mnadani, ule unaoiva nje huku ndani bado unalia "moo", akajishikiza utumboni kwa vikombe vyake vinne, basi. Yumo. Miaka inapita, anarefuka hadi mita 5, wenzake huzidi 10, na hajadai chumba cha pili. Ndugu zangu walinikimbia kwa madeni. Yeye nikipata tunakula, nikikosa tunalala njaa wote. Nikimtimua kwa dawa ya prazikwanteli, mwenzake anakuja na mshikaki unaofuata, nyumba isikae tupu.

Hana mdomo, anafyonza kwa ngozi, kwa hiyo hasengenyi. Ni dume na jike kwa pamoja, kwa hiyo haleti kadi ya mchango wa harusi.

Ni mkarimu pia. Kipande kimoja kinachomtoka chaweza kubeba mayai 100,000, na kinatembea chenyewe. Kinatembea! Kikashuka kwenye mguu wa suruali, wakwe wamekaa mbele yangu. Hapo sifa zilinikauka mdomoni.

Mayai hayo yanaishia wapi? Vichakani nyuma ya maduara, tunakojisaidia. Ng'ombe wanakula majani yale yale, lava zinajificha kwenye misuli, nyama inarudi kwetu. Mkaguzi wa nyama anapaswa kuchana shavu na moyo atafute vifuko vyeupe. Mimi nimeona muhuri umegongwa pajani, shavu zima halijaguswa na kisu. Na huyu wa ng'ombe ni muungwana. Mtu akimeza mayai ya binamu yake wa nguruwe, lava zaweza kufika ubongoni, zikaleta kifafa, na familia ikaanza kumtafuta mchawi.

Tegu hana pa kuzeekea ila ndani ya binadamu. Vyoo tu, vikitumika, vingemfilisi. Machimboni kwetu kuna geti, kuna mlinzi, kila mfuko wa mawe unahesabiwa, ushuru unadaiwa hadi wa karasha la kusagia mawe. Nikamuuliza msimamizi choo kiko wapi. Akaninyooshea kidole kule ng'ombe walikokuwa wanachungwa.