Panya Hakuwahi Kulipa

Nauli ya kutoka Githurai hupanda wingu likitanda tu, kabla hata tone la kwanza halijaanguka. Hilo nimezoea. Lakini jino la maziwa nalo kupanda bei? Hapo sinyamazi.

Binti yangu wa gredi ya kwanza ameng'oka jino la mbele, la chini. Alinijia nalo limefungwa kwenye kipande cha daftari, damu imekaukia pembeni, akanitangazia kama wakala wa nyumba: "Baba, leo nalilalia. Asubuhi nikute hamsini." Eti mwenzake wa dawati hupata mia, kwa hivyo mimi nimepunguziwa. Nikamuuliza anayelipa ni nani. Akasema ni malaika wa meno, yule mwanamke mwenye mabawa wa kwenye katuni.

Huyo bibi wa mabawa nimemchunguza. Ni Mmarekani, na si wa kale kama anavyojifanya. Mwaka 1908 gazeti la Chicago Daily Tribune lilimtaja kwenye mawaidha ya mambo ya nyumbani, na wakati huo alikuwa akiacha kizawadi cha kununuliwa kwenye kaunta ya vitu vya senti tano. Tano! Wahispania wao wana panya, Ratoncito Pérez, ambaye kasisi Luis Coloma alimtungia hadithi Alfonso wa 13, mfalme aliyeng'oka jino akiwa na miaka 8. Huyo naye huacha zawadi chini ya mto wa kulalia, lakini walau ni panya. Unaweza kuzungumza naye.

Sasa piga hesabu. Mtoto ana meno ya maziwa 20. Kwa hamsini hamsini, hiyo ni elfu moja. Nina watoto watatu. Shilingi elfu tatu kwa meno ambayo hata githeri yalikuwa yakiitafuna kwa kubembelezwa.

Panya tuliyekua naye hakuwahi kumpa mtu hata ndururu. Ulikuwa unasimama uani, unaipa nyumba mgongo, unalirusha jino juu ya mabati na kumwomba panya achukue hilo bovu akuletee jipya zuri, kisha unaenda zako bila kutazama nyuma. Yakaisha. Jino kwa jino, hakuna wa kumdai mwenzake. Na wazee hawakumchagua panya ovyoovyo. Meno yake ya mbele hayaachi kukua mpaka anakufa, ndiyo maana akikosa chakula anatafuna sabuni. Ukitaka meno, si unaenda kwa mwenye meno?

Panya hapa Mwihoko tunao, wa kutosha na wa kugawia majirani. Shida ni paa. Ploti yetu ina ghorofa tano, na huko juu ni saruji tupu, matangi ya maji na kamba za nguo. Mlango una kufuli, na ufunguo anao msimamizi, ambaye humfungulia tu aliyemaliza kodi. Kulirusha kutoka chini labda uwe Julius Yego, aliyetupa mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015. Na mkuki una uzito. Jino la mtoto upepo wa Mwihoko unalirudisha usoni pako.

Nikafanya kosa gani kuwauliza majirani? Kila mlango una katiba yake. Wa chini, mzaliwa wa Mombasa, akasema jino hurushiwa jua, ambalo huombwa lichukue la nyati lilete la bibi harusi, kama wanavyofanya watoto wa Misri. Jua lipi? Dirisha la jikoni kwangu linatazama ukuta wa ploti ya pili, na mkono ukiunyoosha unaugusa. Wa ghorofa ya pili akaapa kwamba mjusi akiliona jino, lingine halioti. Tangu hapo mtoto akapiga marufuku taa ya choo kuwashwa, maana mjusi anakaa huko.

Mama yangu akatufikia kutoka Murang'a na mkungu wa ndizi, akasikia habari ya hamsini hata kabla hajavua kitambaa. "Pesa ya jino? Kwani tunauza mtoto kidogo kidogo?" Akamshika mjukuu mkono, wakashuka ngazi, wakavuka barabara hadi kwenye kibanda cha mama mboga, paa pekee la mabati karibu nasi ambalo mtoto wa miaka sita analifikia.

Ta!

Mama mboga akatoka na kisu cha kukatia sukuma. Nikajiandaa kuomba msamaha.

"Nani ananirushia mawe?"

"Ni jino, mama," nikasema.

Kisu kikashuka. "La chini au la juu?"

"La chini."

"Sasa mbona mmemwacha ageuke? Mwambieni asitazame nyuma!"

Tulikuwa tumechelewa. Binti alikuwa ameshageuka, macho kodo juu ya mabati, anatafuta mahali mali yake ilipoangukia. Shosho na mama mboga wakashauriana kwa Kikuyu kwa uzito wa kikao cha mahari, wakaafikiana kwamba jino lishushwe lirushwe upya. Mtoto akakubali, ila akakumbusha kwamba hamsini yake iko palepale.

Nikaenda kwa msimamizi kuazima ngazi. Akasema ngazi ni mia, na nikituma niweke na ya kutoa.