Nimezamia Marekani, na Karatasi Ninazo

Watu wakienda Marekani hurudi na viatu, simu na lafudhi. Mimi nilikwenda kumtazama potwe.

Naomba ieleweke vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Kilindoni, Mafia. Potwe ni papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni ambayo ndugu zetu wa pwani ya Kenya waliyafananisha na sarafu wakamwita papa shilingi. Samaki huyo hufika mbele ya mji wetu kila msimu bila kualikwa na mtu. Wavuvi wa dagaa humnung'unikia kwa sababu huzifuata nyavu zao na kukinga domo palepale wanapotafuta riziki. Wazungu husafiri kutoka Ulaya kuja kuogelea naye. Sisi wenyewe tunamchukulia kama mnara wa simu: upo, basi. Nililelewa Dar, nikawa narudi kisiwani likizo, na katika umri wangu wote sikuwahi kushuka majini nikamwangalia usoni.

Kisha dada yangu anayeishi Atlanta akanialika. Mwanawe, kijana wa kompyuta mwenye mkono mwepesi wa kutoa, akasema anataka kumpa mjomba zawadi ambayo hataisahau. Cheti cha kuzamia ninacho, nilikipata Unguja kwa rafiki anayefundisha watalii, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Mpwa wangu akafungua kompyuta, akalipa mamia ya dola, akaanza kujaza fomu.

"Mjomba, una uzito gani?"

"Tisini na mbili."

Akaandika 92, akashukuru, akaendelea na mambo mengine. Kijana amezaliwa Georgia. Kwake yeye uzito ni ratili, na hajui kwamba kuna binadamu wanaojipima kwa kilo. Mimi nami sikujua kwamba kuna binadamu wasiojipima kwa kilo. Hivyo taarifa iliyotangulia mbele yangu ilikuwa ya bwana mmoja mzima, umri wa makamo, kilo 41 na ushee.

Mahali penyewe panaitwa Georgia Aquarium. Pamefunguliwa mwaka 2005, baada ya Bernie Marcus, mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Home Depot, kutoa dola milioni 250 kama zawadi kwa jiji. Atlanta iko bara kabisa. Ukitaka kuiona bahari unaendesha gari kama saa nne. Basi wakaitengeneza ya kwao: maji ya bomba, yakatiwa chumvi kwa mamia ya tani, yakajaza tangi lenye zaidi ya lita milioni 23. Potwe nao waliletwa kwa ndege ya mizigo kutoka Taiwan, kwa awamu, kati ya 2005 na 2007. Kule Taiwan walikuwa wakivuliwa kwa mgao wa serikali na kuliwa, nyama yao nyeupe na laini hata wakaitwa papa wa tofu, kwa hiyo safari ile iliwatoa sokoni. Hakuna afisa wa ubalozi aliyewauliza wana nyumba, shamba au mke wa kuwarudisha kwao. Mimi niliulizwa yote matatu.

Siku ya siku tukaingia chumba cha kubadilishia nguo, wageni kadhaa na viongozi wetu. Suti za kuzamia zilikuwa zimetundikwa kwenye vigingi, kila moja na karatasi yenye jina. Yangu niliiona kutoka mbali. Ilikuwa inaning'inia katikati ya nyingine, fupi, nyembamba, mikono imechanua kwa furaha, inamsubiri mtoto wa darasa la saba. Dada mmoja mhudumu akaitazama karatasi. Akanitazama. Akairudia karatasi, safari hii akianza na kitambi changu. Nikamweleza kuhusu kilo. Alinipa pole kwa sauti ya muuguzi, akaenda kuleta suti nyingine kutoka kwenye rafu ambayo nadhani ilikuwa ya wachezaji mpira wa Marekani.

Suti ya mpira ya kukutosha nayo haivaliwi hivihivi. Unaingiza mguu, inakataa. Unavuta, inakurudisha. Zipu iko mgongoni, mahali ambapo mikono ya mtu wa umri wangu haijafika tangu zamani. Bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa daktari wa meno kutoka Ohio alinivutia zipu hadi juu, akanipiga kofi la bega la pongezi, na tangu hapo tukawa ndugu. Alinishangaa baadaye tu, nilipotemea mate ndani ya miwani yangu na kuisugua kwa kidole. Wenzangu walikuwa wanatumia dawa ya kuzuia ukungu iliyotolewa kwenye kichupa. Mimi nimefundishwa Unguja, na mate yangu hayajawahi kuniangusha.

Baada ya kuongezewa risasi kiunoni (mpira unaelea, na kitambi cha wali wa nazi kinaelea zaidi), nikateremka.

Sasa hapo niseme ukweli: ni pazuri. Maji ni maangavu kiasi kwamba unaona ukuta wa pili. Wakapita taa wakubwa wenye pembe, mabawa yao yakinesa polepole. Akapita chewa mnene mwenye sura ya mwenyekiti wa kijiji aliyekatizwa usingizi. Wakapita kolekole wa dhahabu, kundi zima, wakiwa na miili ya kuiva vizuri juu ya makaa, na hapo niligundua kwamba nilikuwa sijala tangu asubuhi. Papa wenye meno walikuwapo pia. Hakuna hata mmoja aliyenijali. Nimewahi kupuuzwa katika ofisi mbalimbali, lakini kupuuzwa na papa kunatuliza moyo.

Halafu akaja yeye. Kwanza niliona pua pana kama ukuta unaosogea, kisha madoa, kisha madoa zaidi, kisha kwa muda mrefu sana mwili ukiendelea kupita. Jicho lake ni dogo mno kwa mtu wa ukubwa ule. Nilitamani kumwamkia, maana adabu ni adabu, lakini ukishauma kile kipumulio salamu hubaki tumboni. Nikacheka. Ukicheka chini ya maji mashavu hupanda, miwani huachia, maji huingia. Hivyo ndivyo nilivyoionja bahari ya Atlanta: chumvi imekolea, mpishi anajua kazi.

Upande mmoja wa tangi kuna dirisha la akriliki lenye upana wa mita zaidi ya 18 na unene wa sentimita 60 hivi. Nyuma yake kuna ukumbi, na ukumbini kuna watu. Nilikuwa nimedhani nimekuja kutazama. Kumbe samaki wamezoeleka. Kinachowashangaza watoto ni mjomba wa watu akitoa mapovu. Mmoja alinitolea ulimi. Mwingine alibandika pua kwenye kioo akaning'ang'ania macho hadi nikaanza kujiona nina mapezi kweli. Katikati yao nikamwona dada yangu amejifunga kanga, mpwa wangu ameinua simu, wote wananionyesha dole gumba.

Nami nikarudisha dole gumba. Nani asingerudisha?

Kwa wazamiaji dole gumba juu maana yake ni moja tu: nataka kupanda. Anayetaka kusema mambo safi huunganisha dole gumba na kidole cha shahada yakawa duara. Nilifundishwa hivyo, nikaandika mtihani, nikapasi. Lakini mbele ya dada yako mtihani hauna nguvu. Kiongozi wetu aliniona, akanijia haraka, akanishika mkono kwa upole na kuanza kunipandisha. Nilijaribu kukataa kwa kutikisa kichwa. Akaona mgonjwa ameanza kutikisika, akaongeza mwendo kidogo.

Video ipo. Inaanza na mimi nikipunga mkono. Kisha potwe anaingia kutoka kushoto, mzima, mtukufu, anapita taratibu mbele ya kioo kama aliyelipwa kufanya hivyo. Mimi wakati huo natoka kwa juu. Katika picha ile nzuri kuliko zote ambazo familia yetu imewahi kupiga, ninachoonekana ni miguu miwili.

Tulimpigia mama Kilindoni tukamwonyesha. Alitazama kimya.

"Huyo si potwe?"

"Ndiye, mama."

"Na hiyo miguu ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Wamekulipa shilingi ngapi?"

Nilipomweleza nani kamlipa nani, aliomba tumrudishie video kutoka mwanzo. Kisha akasema kwamba potwe wawili walikuwapo jana tu karibu na gati, na kwamba kolekole sokoni wamepanda bei.

Siwezi kuwabeza watu wa Atlanta. Mtoto aliyezaliwa mbali na pwani atamwona wapi samaki huyu? Pale nilimwona mmoja akisimama mbele ya kioo bila kusema neno mpaka mama yake akamvuta. Lakini potwe wawili wa kwanza, Ralph na Norton, walikufa wote mwaka 2007, na mnyama anayevuka bahari nzima kwa kutafuta chakula, hata umlishe kwa upawa kutoka kwenye mashua kila siku kama wanavyofanya wao, bado anazunguka ndani ya chumba. Mimi nampenda zaidi akiwa mkorofi wa nyavu.

Kwa hiyo ndugu msomaji wa Tanzania, kabla hujaanza kukusanya dola, panda boti la Nyamisati au ndege ndogo ya Dar ufike Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, msimu anapoonekana zaidi. Tafuta nahodha mwenyeji, ondoka asubuhi bahari ikiwa imetulia, usimguse wala usimkatie njia. Na akipita, acha mikono yako ikae chini.