Sifa za Pua Inayobabuka

Farasi mwenye baka jeupe lililoteremka usoni hadi mdomoni ana mali moja ambayo mnunuzi haiulizi bei na saisi hapati kuisahau: pua ya pinki. Asili yake ni ya uvivu mtukufu. Farasi anapoumbika tumboni, seli za kutia rangi huanzia mgongoni na kusambaa mwilini. Paji la uso, pua na miguu ndiko mwisho wa safari. Zisipofika, ngozi hubaki bila rangi na manyoya huota meupe. Hata farasi wa kijivu, ambaye uzeeni huwa mweupe pe, chini ya manyoya ana ngozi nyeusi. Pua ya pinki hulipokea jua bila kinga na kwa manyoya haba. Basi hubabuka, ikachunika, ikatoka magamba.

Kwa kutambulisha, mabaka haya hayana mpinzani. Pasi za farasi za Ulaya huyachora moja baada ya jingine, nao Waislamu wanaijua Hadithi inayoeleza umma utakavyotambulika Siku ya Kiyama kwa athari za udhu, kama mtu anavyowatambua farasi wake wenye mabaka meupe katikati ya weusi watupu. Lakini sifa kuu ni ya utabibu. Majani yakimeng'enywa, ukijani wake huvunjwa na vijidudu vya tumboni ukawa kemikali ambayo ini lenye afya huitoa kupitia nyongo. Ini likiugua, kemikali hiyo husafiri na damu hadi kwenye ngozi, na jua likiifikia, ngozi huungua. Wapi? Palipo peupe. Mpaka wake ni kama uliochanjwa kwa wembe: upande wa pinki umevimba na kutoa majimaji, upande wa kahawia, unywele mmoja kando, mzima kabisa. Mwenye farasi akiona na soksi nyeupe za miguuni zimeumuka vilevile, huacha kulilaumu jua peke yake, akamwita daktari wa mifugo apime damu. Farasi asiye na baka hana pa kuandikia malalamiko haya. Huenda akakonda tu kimyakimya.

Mtu atauliza, mlinzi gani huyu anayeugulia kazini? Ni kweli: ngozi isiyo na rangi, hasa ya kope, hupata saratani kwa urahisi zaidi, na hilo halina utani. Ndiyo maana farasi huvishwa barakoa ya wavu yenye kifuniko cha pua, akalishwa nje usiku na kushinda bandani jua linapowaka. Mwingine atalalamikia mafuta ya zinki: yamepakwa alfajiri, na saa nne yote yameshahamia kwenye nyasi, kwenye ndoo ya maji na kwenye mkono wa shati la saisi. Vizuri sana. Kuyapaka upya kunamlazimu saisi amshike farasi kidevu na kumchungulia puani na machoni kila siku, heshima ambayo farasi mweusi wa banda la pili, pamoja na bahati yake yote, anaweza kuikosa wiki nzima.