Waraka kwa Mawifi, Kuhusu Futi Yangu

Mawifi zangu wapendwa,

Mtoto mzima, ananyonya, bado siku mbili atimize arobaini. Nawaandikia hadharani kwa kuwa nanyi mlinisema hadharani, tena kwa sauti nzuri isiyohitaji kipaza.

Mnakumbuka wiki ya 36 nilipotoka kupiga ultrasaundi. Yule kijana wa mashine alisema, "Kitovu kimezunguka shingo," akanipa karatasi nijifute tumbo, akamwita anayefuata. Maneno matatu tu. Nilipoyafikisha nyumbani mkayaongezea mengine ya kutosha kushona mapazia ya nyumba nzima. Kumbe ni futi yangu! Kumbe fundi cherehani mwenye mimba akishinda na futi shingoni, mtoto naye tumboni anavaa yake. Wifi mkubwa, kwa huruma zako, uliivua mwenyewe mbele ya mteja aliyekuja kupimwa gauni la harusi ya dada yake, ukaitundika msumarini. Ahsante. Nilikuwa nimefika kiunoni, namba zikanipotea.

Basi futi ile ile nimeikunjua tena. Kitovu cha mtoto aliyetimia hufika wastani wa sentimita 50 hadi 60, karibu sawa na mkono mrefu wa gauni. Mtoto anaelea majini, anapiga sarakasi na kamba ndefu hivyo. Inamzunguka, pengine inajitoa yenyewe, kesho inamzunguka tena. Katika kila watoto wanne au watano wanaozaliwa, mmoja hutoka nayo shingoni. Futi za kuwavalisha mama zao wote hao hazipatikani hata Kariakoo.

Na mtoto huko hapumui kwa pua. Hewa yake huja na damu: mshipa mmoja unaleta, miwili inarudisha, na yote mitatu imezungushiwa ute mzito usiokubali kubinywa kirahisi. Ute huo umepewa jina la Thomas Wharton, tabibu Mwingereza aliyeuandika kitabuni mwaka 1656. Waliokuwa wakiubeba siku zote hizo kabla yake hawakupewa hata pole.

Sisemi hakuna hatari. Uchungu ukishika na mtoto akianza kushuka, kitovu kinaweza kukaza, mapigo ya moyo wake yakapungua. Ndiyo maana mkunga habanduki kusikiliza. Na kabla ya leba kulikuwa na swali moja ambalo lingenifaa kuliko kuvuliwa futi: mtoto anacheza? Akipunguza kucheza, mtu anakwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Siku 17 tulikaa pamoja. Mliniuliza nimevaa nini, nimeruka kamba ya mbuzi wa nani, nimekaa mlangoni mara ngapi. La kucheza aliniuliza binti mmoja wa kliniki, ambaye wifi mdogo ulisema ni mtoto, hajazaa, atajua nini.

Kichwa kilipotoka, mkunga aliniambia nisisukume kwanza. Akapenyeza kidole shingoni, akakivusha kitovu juu ya kichwa kama mtu anavyovua mkufu bila kuufungua. Mzunguko mmoja, umelegea. Kingekuwa kimekaza, angekibana sehemu mbili na kukata katikati. Akaendelea na kazi yake, wala hakuniuliza mimi nafanya kazi gani.

Siku ya saba mkaja na uji wa pilipili manga, mtamu, sina la kusema. Wifi mkubwa ukampakata mwanangu, ukamvalisha uzi mweusi shingoni wa kukinga kijicho, ukaupiga mafundo mawili. Shingo yangu ilikatazwa futi isiyofungwa popote. Yake ikapewa uzi wenye mafundo. Nilinyamaza, mdomo ulikuwa umejaa uji.

Mlipotoka uani niliufungua. Upo kwenye kopo la vifungo, chini ya mkasi, siku ukiutaka.

Wenu,
Mke wa kaka yenu