Mtaalamu wa Mawe

Ukoo wetu haujawahi kuwa na mtu aliyekopeshwa na serikali ili akatazame mawe. Mimi ndiye wa kwanza. Nasoma jiolojia Dar es Salaam, na kwetu ni Same, kule juu milimani kunakolimwa tangawizi, ambako mawe yamejaa hadi katikati ya shamba la mahindi na kila mwaka tunayang'oa bure. Kwa hiyo baba mdogo aliponiuliza, "Sasa hayo ya Dar yana nini?" sikumwona mkorofi. Hata mimi hujiuliza, hasa wiki ya mitihani.

Chuoni hakuna anayeniuliza. Pale mimi ni namba ya usajili yenye njaa. Bumu likiingia, zile sh10,000 za mkopo za kila siku zikija kwa mkupuo, hosteli nzima inanukia kuku na watu wanaitana bosi. Kisha tunashuka taratibu: chipsi mayai, wali maharage, mihogo, na hatimaye pasi ndefu, ambapo chai ya saa nne inaunganishwa na ugali wa jioni, mchana ukipita hivi hivi. Chumbani tumepangwa wanne, lakini tunalala zaidi ya hapo, maana kila aliyekosa kitanda ana rafiki wa kumbeba. Ninayembeba mimi anasoma sheria. Anakoroma, na ukimwambia asubuhi anataka ushahidi.

Kupika chumbani ni marufuku, kwa hiyo tunapikia pasi. Unailaza chali, unaibana kwa vitabu viwili vinene (cha takwimu kinafaa sana, sijaona matumizi mengine), unaweka sufuria ndogo juu. Usiku mmoja wadeni akabisha hodi mayai yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kushika. Sufuria ikaingia uvunguni, pasi ikageuzwa, mwenzetu akaanza kunyoosha shuka kwa bidii ya fundi wa harusi. Wadeni akasimama mlangoni, akatusifu kwa usafi, akasema vyumba vingine vije vijifunze. Shuka lilikuwa linatoa harufu ya mayai ya kukaanga. Mpaka leo sijui kama alikuwa na mafua au huruma.

Mwisho wa muhula mhadhiri alitupeleka fildi Wazo, kwenye kilima kinachochimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji. Kila mmoja alitakiwa kubeba sampuli zake, kuziandika namba kwa rangi, na kwenda kuandika ripoti likizo. Ndiyo maana nilifika stendi ya Mbezi na begi la mawe. Utingo alijaribu kuliinua kwa mkono mmoja, akarudi kwa miwili.

"Dada, humu umebeba kinu?"

"Mawe."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akaniandikia mzigo.

Kwetu, anayetoka Dar anaingia na mkate. Mama alilipokea begi, akaupima ule uzito, uso ukachanua, akamwita bibi aje ashuhudie. Wakafungua zipu. Nilikuwa nimefunga kila jiwe kwenye gazeti, jambo lililorefusha matumaini yao, kwa sababu walifungua moja baada ya jingine hadi la mwisho wakiamini mkate uko chini. Shangazi alichokiona yeye ni nyundo. Akaishika, akanitazama, akasema angalau mume wangu hatakuwa anachelewa kurudi nyumbani. Bibi peke yake ndiye aliyeyajali mawe yenyewe. Alichukua moja, akalirusharusha kiganjani, akalikwaruza kwa ukucha.

"Haya mbona mepesi kuliko ya kwetu? Tena yana vitundu."

Mhadhiri alitumia kipindi kizima kutufikisha hapo.

Kesho yake wajomba wakaanza kuja. Milima yetu ni ya miamba ya kale sana, iliyopikwa kwa joto na kugandamizwa chini ya ardhi mpaka ikawa naisi yenye mistari, na ndani yake mna ulanga unaometa na mara nyingine garneti nyekundu. Kumeta huko ndiko kunakovunja usingizi wa watu. Isitoshe, Mirerani, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti tangu igunduliwe mwaka 1967, si nchi ya mbali, na kila mjomba ana hakika kwamba mshipa ule haukuwa na sababu ya kuishia kule.

Mjomba mkubwa alifunga mlango kwanza. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua kona moja moja, akanisogezea jiwe linalong'aa.

"Toa bei. Wengine usiwaambie."

Nikaligusa kwa ukucha. Likabanduka kigamba chembamba kinachopitisha mwanga, kisha kingine.

"Huu ni ulanga, mjomba."

"Lilikuwa zima kabla hujalishika."

Kwetu Upareni jambo la namna hiyo haliishi bila kikao. Mpaka jioni kulikuwa na mashahidi wawili waliokuwa tayari kusema jiwe lilikuwa zima, mmoja wao hakuwapo. Nilimkumbuka yule mkoromaji wangu wa sheria. Tulimalizana kwa mimi kukubali kuwa mtaalamu wa familia wa kununua tokeni za umeme kwenye simu, bila malipo, likizo yote.

Wakati huohuo figa moja la bibi lilikuwa limevunjika. Sikuambiwa. Nilikuja kuona makande yanatokota na chini ya chungu, upande wa pili, namba niliyoiandika kwa rangi nyeupe inamalizikia kwa kuungua. Kinadharia, jiwe la chokaa likipata moto mkali wa kutosha hugeuka chokaa yenyewe. Moto wa bibi haukufika huko. Ulilipaka masizi na kulipasua. Bibi alinirudishia kwa koleo, hakufurahi hata kidogo.

"Hili halifai. Linapasuka. Kamwambie mwalimu wako."

Chuoni mhadhiri alilizungusha lile jiwe jeusi muda mrefu. Akasema linafanana na basalti, na basalti Wazo imefikaje? Akadondosha asidi kwenye ufa, likachemka povu kama jiwe lolote la chokaa. Akalinusa. Akainua macho na kuniuliza jiwe hili limepitia mazingira gani.

"Makande," nikamjibu, nikamsimulia yote.

Akacheka, akaandika 14 kati ya 20. Kisha akavuta daftari lake karibu, akataka kujua bibi alikuwa anatumia kuni za mti gani.