Bastola ya Wifi, Zebaki ya Mkwe

Mama mkwe ni nesi mstaafu. Akija kwetu Dar kutoka Tanga haachi vitu viwili: machungwa ya Muheza na themomita yake ya kioo, ile ya zebaki. Mkataba wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje themomita za aina hiyo, lakini mkoba wa mama haukusaini mkataba wowote. Mwaka huohuo dada yangu alinunua bastola ya kupimia joto, zile zilizokuwa zikituelekea usoni kila mlango wa benki. Huitumia kupimia watoto, maji ya kuoga, hata uji. Wawili hawa wakikutana kwa mtoto mwenye homa, baba mwenye nyumba hana kauli.

Jumapili jioni kitinda mimba wetu akaamka analia. Mama akamgusa shingoni kwa mgongo wa mkono.

"Mume wangu anaungua huyu."

Msiudharau mkono wa bibi. Ukisema mtoto hana homa, mara nyingi hana. Ukisema anayo ndipo huwa unapitiliza. Dada hakungoja. Akalenga paji la uso, bastola ikalia: 34.1.

"Hana kitu, mama. Yuko poa."

"Chini ya 35 ni mtu aliyeopolewa baharini, mwanangu. Huyu si anapiga kelele?"

Mtoto alikuwa chini ya feni, na kitambaa kibichi kilikuwa kimetoka kichwani mwake muda huohuo. Isitoshe, bastola ilikuwa bado kwenye mpangilio wa uji. Kifaa hicho hakifiki ndani ya mwili. Kinapokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye ngozi, na ukikiweka mpangilio wa mwili, chenyewe huongeza hesabu kukisia joto la ndani. Kwenye mpangilio wa uji hakiongezi chochote. Kilisema ngozi ilivyo, basi.

Mke wangu akaleta kipimajoto cha dijitali, akakibana kwapani. 37.9. Dada akasema hilo ni joto la kulia tu. Mama akavua miwani. Kwapa, alisema, husoma chini ya joto la ndani kwa nusu nyuzi, wakati mwingine hata nyuzi nzima, ndiyo maana kliniki 37.5 ya kwapani huhesabiwa homa tayari. Kisha akafungua mkoba.

"Njia ya nyuma ndiyo haidanganyi."

Mtoto wa miaka minne haelewi mengi, ila hilo alilielewa.

Hata njia hiyo ina uvivu wake: homa ikipanda au kushuka haraka, huko nyuma habari huchelewa kufika. Joto lenyewe hasa liko kwenye damu ya mshipa utokao moyoni kwenda mapafuni, na wagonjwa mahututi hupimwa humo kwa mrija maalumu. Sebuleni kwetu hakuna aliyependekeza hilo, ingawa dada alikaribia. Carl Wunderlich wa Leipzig, aliyetoa kitabu chake mwaka 1868 na kutuachia 37 kama joto la mtu mwenye afya, alipima makwapa, kwa themomita ndefu iliyohitaji robo saa au zaidi. Bila shaka Wajerumani wale walikuwa wagonjwa watulivu.

Wetu alichomoka mama akiwa bado anaikung'uta themomita ili zebaki ishuke. Akapita chini ya mkono wake, kiwiko kikagonga kabati, kioo kikavunjika, na matone yakatawanyika kwenye marumaru kama shanga zilizokatika uzi. Dada akashika ufagio.

"Acha! Zima feni! Fungua madirisha, watoto nje!"

Ufagio huyapasua matone yakawa madogo zaidi, na mvuke wake ndio sumu. Mama akayasukuma kwa kadi mbili ngumu hadi ndani ya chupa yenye kifuniko. Mke wangu yeye alikuwa ameshaokota tone kwa vidole, kwa kuwa lilimpendeza. Pete yake ya ndoa ikaanza kuwa nyeupe pale lilipogusa, weupe ukaenea. Ndivyo wachimbaji wadogo wa Geita wanavyoinasa dhahabu.

Zahanatini, muuguzi alimpangusa mtoto jasho la kwapani kwanza, ndipo akapima: 38.4. Tone la damu kwenye kipimo cha malaria, hakuna. Tabibu akamulika sikio la kushoto. Lilikuwa jekundu, limevimba.

Njiani kurudi dada akatangaza atanunua kipimajoto cha sikioni, kwa sababu ngoma ya sikio hupata damu jirani na sehemu ya ubongo inayotawala joto.

"Na sikio lenyewe ndilo linalouma," mama akasema. "Utakichomeka wapi?"

Sonara ameikagua pete. Zebaki hutolewa kwa moto, na kwa kuwa moshi wake ni sumu, kazi hiyo haifanyii dukani. Ana mahali pake nje ya mji, na bei yake. Mama anasema alipe mwenye bastola, maana ndiye aliyeanzisha ubishi. Dada anasema alipe mwenye themomita. Mke wangu ananitazama mimi. Sonara yeye anataka nusu kabla hajawasha moto.