Barua ya wazi kwa wakubwa wa bima ya mazao

Ndugu Wakurugenzi,

YAH: SHUKRANI KWA KUTOPATA HASARA

Shikamooni huko ghorofani. Sisi wakulima wadogo wa Kongwa, mkoani Dodoma, tumepokea ujumbe wenu wa simu kwamba msimu uliopita hatukupata hasara. Tumefurahi mno. Tuliwasomea watoto ujumbe huo wakati wa chakula cha jioni, kwa kuwa chakula chenyewe hakikuwapo.

Setilaiti yenu imesema mvua ilitosha, nasi hatubishani na kitu kinachokaa juu kuliko mkuu wa wilaya. Ilitosha kweli. Februari, mahindi yalipotoa mbelewele, halikudondoka hata tone, yakakauka yamesimama. Machi ikashuka yote kwa mkupuo, ikaondoka na matuta. Mkijumlisha, milimita zimetimia. Kosa ni la mahindi, hayajui kujumlisha. Tena kisanduku kimoja cha picha yenu kinameza vijiji kadhaa, kwa hiyo mvua iliyonyesha ng'ambo ya kilima imeandikwa kwa jina letu. Tunaomba mtuelekeze pa kwenda kuichukua.

Wenzetu wa Malawi walitangulia kufunzwa adabu hii. Ukame wa msimu wa 2015/16 uliwakausha hadi Rais akatangaza hali ya maafa Aprili 2016. Serikali yao ilikuwa imekata bima kwa African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika. Kompyuta ya taasisi hiyo ikajibu kwamba hali haijafikia kiwango cha kulipwa. Kuchunguza, ikabainika kompyuta ilihesabu mahindi ya muda mrefu, kumbe wakulima wengi walishahamia mbegu ya muda mfupi. Utovu wa nidhamu ulioje, kubadili mbegu bila kuiarifu kompyuta! Fidia ya dola kama milioni 8 ilikubaliwa hatimaye, ikafika Januari 2017. Njaa, bila shaka, iliombwa isubiri.

Msidhani lakini kwamba hapa Kongwa fidia ya hali ya hewa ni jambo geni. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga. Udongo ukawashinda, mvua ikawagomea, na mwaka 1951 serikali yao ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Hakuna aliyewadai ada, wala aliyewauliza kipimo cha mvua kilikuwa wapi, wala aliyewaandalia semina ya elimu ya bima. Huenda siri ni kupata hasara kubwa. Sisi eka zetu mbilimbili ndizo zinazotuponza.

Semina hiyo sisi tumeihudhuria. Tulikunywa soda, tukaambiwa mkulima haielewi bima. Mtu anayepanda mtama na uwele kando ya mahindi, akafuga mbuzi wa dharura, na bado akaweka akiba ya shemeji mjini, anaielewa kuliko aliyeshika kipaza sauti. Asichoelewa ni kwa nini alipe ada yeye, halafu fidia ikitoka ianzie kwa aliyemkopesha pembejeo.

Bima tunaitaka, tena kwa hamu. Wekeni kipimo cha mvua katika shule ya msingi ya kila kijiji, mwalimu akisome na sisi tukiona. Mvua ya Februari ihesabiwe peke yake, isifichwe ndani ya gharika ya Machi. Setilaiti ikishikilia msimamo wake, njooni mlione shamba: barabara ya lami inapita Kibaigwa, na kutoka hapo yeyote mwenye bodaboda atawafikisha (nauli mtalipa wenyewe, hatujafidiwa). Na fidia itoke kabla ya Novemba, kwani muuza mbegu hapokei ujumbe wa pole.

Wenu katika ujenzi wa taifa na milimita,

Wakulima wadogo, Kongwa

Nakala: Mheshimiwa Setilaiti, akipita.